Wametuuzia Gari, Wamebaki na Funguo

Ndugu zangu, leo tuache kidogo habari za nani kahama chama na nani kabaki. Tuongelee taa ya dashibodi.

Mwaka jana baba yangu mdogo alikuwa dereva wa teksi mtandao hapa Dar. Gari halikuwa lake. Ilikuwa ile mikataba mnayoijua: unapeleka hesabu laki mbili kila wiki kwa miezi 20, ukimaliza gari linakuwa lako. Mkataba niliusoma mimi. Nilikuwa mwaka wa kwanza sheria, najiona wakili kamili. Kulikuwa na kifungu kinasema matengenezo yote ni juu ya dereva. Nikamwambia, "Ba'mdogo, hiki ni cha kawaida, saini tu." Akasaini.

Mwezi wa 14, akiwa ameshalipa zaidi ya milioni 12, taa nyekundu ikawaka. Gari ni haibridi, lile dogo la Kijapani linalosifiwa kwa kunusa mafuta tu. Akaanza gereji bubu anayoiamini, fundi wa chini ya mwembe aliyemtengenezea magari miaka kumi. Fundi akachomeka kimashine chake cha bei rahisi. Kinasoma makosa ya injini, lakini kompyuta ya betri kubwa hakiingii. Badala ya kusema sijui, akabahatisha. Akabadilisha sensa mbili. Hela ikaenda, taa ikabaki.

Tukaenda gereji kubwa yenye vigae na kiyoyozi. Kupima tu, elfu 80. Jibu: betri imekufa, milioni 4 na laki 2. Nikaomba karatasi ya vipimo. Yule dada wa mapokezi akanitazama kama nimeomba siri za jeshi. "Hatutoi."

Wiki ya tatu bila hesabu, mwenye gari akaja kuchukua gari lake. Mkataba unamruhusu, niliusoma mwenyewe. Baadaye akatuambia bila hata haya kwamba alimpata fundi mwenye ile programu ya kiwandani. Kumbe betri ilikuwa nzima. Feni inayoipoza, ile inayovuta hewa karibu na kiti cha nyuma, ilikuwa imeziba vumbi. Kusafisha na kufuta kosa kwenye kompyuta: elfu 60.

Elfu 60, jamani. Ba'mdogo amepoteza miezi 14 ya maisha yake kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu hakuna aliyelazimika kumwambia ukweli.

Sasa nasikia watu wanasema matengenezo yamepanda kwa sababu magari ya kisasa ni magumu. Ni kweli kiasi. Kioo cha mbele siku hizi kina kamera nyuma yake, ukikibadilisha lazima kamera ipangwe upya. Bampa lina rada. Ufunguo hauchongwi tena pale kona, unaingizwa kwenye kompyuta ya gari. Lakini ugumu peke yake hauzai bei ya namna hii. Bei inazaliwa pale ambapo wajuzi ni wachache, na uchache huo unalindwa. Kifaa cha elfu 60 kinauzwa milioni 4 kwa sababu mwenye mashine ni mmoja na wewe huna pa kuhakikishia.

Serikali iko wapi? Iko bandarini. Pale haikosekani hata siku moja. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na kama gari limepita miaka minane, unaongezewa ushuru wa uchakavu. Huo wa uchakavu siupingi moja kwa moja. Magari mabovu yanaua watu na moshi tunauvuta sisi. Lakini tuambiane ukweli: ukimtoza raia zaidi kwa gari la zamani, unamsukuma kwenye gari jipya zaidi, na gari jipya zaidi ni lenye kompyuta nyingi. Umemsukuma huko, umechukua kodi yako, halafu ukamwacha kwenye geti la bandari. Kesho taa ikiwaka, eti hayo ni mambo ya soko huria.

Wakubwa hawaumii, ndiyo maana hawaoni. Shangingi la serikali likiharibika, kuna TEMESA, na bili inalipwa kwa kodi yetu. Hajawahi kutokea waziri aliyenyang'anywa kazi kwa sababu feni imeziba.

Najua watakuja na hoja. Ya kwanza: tukifungua programu za magari, wezi watafaidi na usalama utapungua. Hoja hiyo imeshajibiwa kwingine. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza magari mwaka 2012. Mwaka 2020 wapiga kura wake, karibu watatu kati ya wanne, wakaipanua ifike hadi data ambazo gari linatuma kwa mtandao. Viwanda vikakimbilia mahakamani. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2018, unawalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi wa nje taarifa za matengenezo. Na kwa wale watakaosema huko ni kwa wazungu: Afrika Kusini, Tume yao ya Ushindani ilitoa miongozo iliyoanza Julai 1, 2021. Mwenye gari anaweza kwenda kwa fundi wa nje hata gari likiwa bado kwenye waranti.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaikwepa. Magari yetu mengi ni yaliyotumika, yametengenezwa kwa soko la Japani. Sheria ya Dodoma itamfikiaje mtengenezaji aliye Nagoya? Haitamfikia yote. Lakini gereji iliyoko Dar inafikika. Wakala rasmi aliyeko hapa anafikika. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, tuna Tume, FCC, ambayo kazi yake ni kulinda ushindani na mlaji. Na ile kodi ya bandarini tayari iko mkononi mwa serikali.

Kwa hiyo tudai mambo matatu, na tuyaingize kwenye ilani yetu kabla hatujamwomba mtu kura.

Moja, kila gereji inayopima gari kwa mashine itoe majibu kwa maandishi, na kifaa kilichotolewa arudishiwe mwenye gari. Hili halihitaji hata shilingi ya bajeti.

Mbili, wakala rasmi wa magari nchini auze taarifa za matengenezo na programu za kupimia kwa fundi yeyote aliyesajiliwa, kwa bei isiyo ya kukomoa.

Tatu, sehemu ya kodi ya magari inunue leseni halali za programu hizo na kuziweka VETA, mafundi wa mtaani wakafundishwe na wakapimie magari pale kwa ada ndogo. Fundi wetu wa chini ya mwembe alikosea, sikatai. Lakini masikio yake yanajua injini kuliko mimi ninavyojua vifungu. Mpe mashine na mafunzo, ataacha kubahatisha.

Ba'mdogo sasa ni deiwaka. Anashika gari la mtu siku mwenye zamu akiugua. Juzi tulikuwa kwenye daladala, tukaliona lile gari Buguruni, lina dereva mwingine. Sikujua niseme nini. Akaniambia, "Mwanangu, soma. Siku nyingine mkataba kama ule usiache mtu asaini."

Nimesikia, Ba'mdogo. Ila kusoma mkataba hakutoshi. Sheria yenyewe lazima iandikwe, na walioko bungeni leo hawana haraka nayo.