Twauliza Habari za Mtamba, Mbona Hatuulizi za Mbwa?

Hapa Likuyani mkulima hanunui mtamba kwa kumtazama pembe tu. Atauliza mama yake hutoa lita ngapi za maziwa kwa siku, amezaa mara ngapi, na mbegu ya fahali ilitoka wapi. Asiporidhika, atarejea nyumbani na fedha zake mfukoni. Lakini mkulima huyo huyo akitaka mbwa wa kulinda boma, atasimama kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale, achague mtoto wa mbwa kutoka katika katoni, alipe na kuondoka. Nayaandika haya kwa soni, kwa kuwa mkulima huyo ni mimi.

Nilikuwa nimechoshwa na wezi wa mahindi. Muuzaji aliniambia kwamba mbwa huyo alikuwa German Shepherd halisi, mwenye umri wa majuma manane. Nilimwamini. Siku ya tano mnyama alianza kutapika na kuhara damu; siku ya saba tulimzika nyuma ya ghala, wanangu wakilia. Daktari wa mifugo alieleza kwamba ulikuwa ugonjwa wa parvo, na kwamba meno ya mbwa huyo yalionyesha hakuwa ametimiza hata majuma sita. Kisha akaniuliza swali moja: "Mwalimu, mama yake ulimwona?"

Sikuwa na jibu. Naam, majuto ni mjukuu.

Yafaa ieleweke kwamba swali hilo si dogo. Mtoto wa mbwa hupata kinga yake ya kwanza katika maziwa ya mama, na kinga hiyo hupungua kadiri majuma yapitavyo. Ndiyo maana chanjo ya parvo huanza katika juma la sita au la nane na kurudiwa kila baada ya majuma machache, mpaka mnyama afikishe majuma kumi na sita hivi. Anayemtenga na mama yake mapema humnyima maziwa na malezi pia. Ni kwa mama na ndugu zake ambako mbwa hujifunza kuzuia meno yake. Aliyekosa mafunzo hayo aghalabu hukua na woga, na mbwa mwoga ndiye humwuma mtoto apitaye njiani akienda shuleni.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi walimu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba takriban visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na kwamba watu 40 katika kila 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, ni nadra sana mgonjwa kupona. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Biashara ya katoni, isiyo na kadi wala anwani, huirudisha nyuma kazi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kudai hati ya ukoo. Mjini Nairobi kipo chama cha East Africa Kennel Club ambacho huandikisha mbwa wa mbegu safi. Hati ni jambo jema, lakini huthibitisha nasaba, si afya. Mjerumani Max von Stephanitz, aliyeiasisi mbegu ya German Shepherd mwaka wa 1899, alimtaka mbwa wa kazi, mwenye akili na utulivu. Hata hivyo, mbwa wengi wa mbegu hiyo leo huugua viungo vya nyonga, ugonjwa ambao wazazi huwarithisha watoto. Nasaba bila uangalifu huwa jina tu.

Basi mfugaji mwema tutamtambuaje? Atakukaribisha kwake umwone mama na mahali alalapo. Atakuonyesha kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari, na kukueleza tarehe ya dawa ya minyoo. Hatakukabidhi mtoto aliye chini ya majuma manane. Zaidi ya yote, naye atakuuliza maswali: mbwa atalala wapi, atakula nini, je, atafungwa mnyororo mchana kutwa? Muuzaji asiyejali mbwa aendako, hata alikomtoa hakujali.

Na iwapo bei ya mbegu safi haifikiki, pana aibu gani? Mbwa wa kienyeji wa jirani, ambaye mama yake twamjua, akichanjwa na kulelewa vyema, atabweka usiku kama yeyote.

Wauzaji wa barabarani hawatakoma kwa kulaumiwa. Sisi wanunuzi ndio tunaowalisha. Fedha nilizotoa siku ile ziligharimia katoni iliyofuata. Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mtakaotumwa na wazazi kwenda kuchagua, ulizeni lile swali nililoshindwa kulijibu. Asiyeweza kukuonyesha mama, mwachie katoni yake.