Risala ya Wanakijiji wa Miteremko ya Kusini ya Mlima Meru kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Kuhusu Ardhi, Maji na Ujenzi Holela

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi;
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu;
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, pamoja na wataalamu wako wa ardhi, maji na mazingira;
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji;
Viongozi wa dini, washili wa koo na wazee wetu;
Mabibi na mabwana:

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kupanda hadi uwanja huu wa shule. Barabara yetu umeiona mwenyewe, kwa hiyo yapo mambo ambayo hatutahitaji kuyaeleza kwa kirefu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wakulima wa migomba na kahawa, na wafugaji wa ng'ombe wachache wa zizini. Ndizi, maparachichi na mboga zinazoshushwa soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi hutoka katika vihamba hivi. Mito inayoteremka kuelekea mjini huanzia juu yetu. Sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Arusha na watu 416,442. Ile ya 2022 ikawakuta 617,631. Watu hao hawana budi kupata pa kulala, na tangu barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru ijengwe, mji umetufuata hadi mlimani. Hatuwakatai wanaokuja, kwani wengine ni watoto wetu wenyewe waliorudi kujenga nyumbani. Tunacholalamikia ni nyumba kutangulia na mpango kufuata nyuma, au kutofuata kabisa. Tumevumilia kwa misimu mingi. Leo tunaomba kuyataja yanayotusibu, moja baada ya jingine.

1. Ardhi kukatwa bila mpango. Kihamba kilicholisha kaya nzima sasa kinauzwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini. Masale waliyopanda babu zetu kuwa mipaka yanang'olewa usiku, na asubuhi tunakuta bikoni za zege. Mringaringa uliotoa kivuli kwa kahawa unaangushwa ili lori la tofali lipate pa kugeuzia. Madalali wanapita na vipeperushi vinavyosifu kiwanja "chenye mandhari ya Meru na Kilimanjaro", nao wanauza mandhari ambayo ghorofa la jirani litaiziba. Tunasikia pia kwamba Mpango Kabambe wa Jiji, unaotazama hadi mwaka 2035, unayagusa maeneo yetu, lakini ramani yake hatujaiona.

Ombi letu: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji haki ya kuwa na mpango wake. Tunaomba wataalamu waje tukae nao, tuuandae mpango huo na kuupitisha katika mkutano mkuu wa kijiji. Hadi hapo, ukataji wa mashamba kuwa viwanja usimamishwe. Ramani ya Mpango Kabambe nayo ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, na maelezo yake yawe ya Kiswahili.

2. Vyanzo vya maji kuvamiwa. Mlima wetu ni wa volkano, na maji ya visima vingi vya huku kwetu yana madini ya floraidi kupita kiasi. Meno ya kahawia ya watoto wa tambarare ni ushahidi ambao kila mmoja wetu ameuona. Ndiyo maana chemchemi chache zenye maji mazuri tulizitunza kama mboni ya jicho. Leo juu ya mojawapo kumechimbwa karo la nyumba mpya. Akina mama walipima kwa kamba ya ng'ombe, wakapata hatua thelathini na mbili tu kutoka shimo hadi maji yanapobubujika.

Ombi letu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kulinda chanzo cha maji. Tunaomba mita hizo zipimwe na kuwekewa alama kwenye kila chemchemi na kingo za kila mto, karo tulilolitaja lihamishwe, na asipewe mtu kibali cha kujenga kabla ofisa wa maji hajafika eneo lenyewe kwa miguu yake.

3. Mifereji kuzibwa. Mheshimiwa, mifereji yetu ilichimbwa kwa jembe kabla hata wazee walio mbele yako hawajazaliwa, na kila kaya ilikuwa na zamu yake ya maji. Mmoja kati yake sasa unaishia kwenye ukuta wa tofali, na aliyejenga ameacha tundu la bomba la inchi nne. Kiangazi, maji hayatoki upande wa pili. Masika, hayaingii yote. Mvua zilizopita yalirudi nyuma, yakapita jikoni kwa mama mmoja mjane, yakabeba majivu, mafiga na kuku aliyekuwa ameatamia mayai. Mama huyo alikwenda kubisha kwenye geti la jirani. Mlinzi akamwambia mwenye nyumba anaishi ng'ambo.

Ombi letu: Mifereji ya asili na njia za maji ya mvua ziingizwe kwenye ramani kama miundombinu ya umma. Aliyeziba afungue kwa gharama zake, na anayetaka kujenga juu ya mfereji atakiwe kwanza kuweka kalavati lenye upana unaotosha.

4. Malori na barabara. Barabara hii tuliilima wenyewe kwa nguvu zetu. Sasa malori ya mawe, mchanga na moramu yanapita kutwa. Kiangazi tunameza vumbi, na masika bodaboda haifiki, hivyo mama mjamzito anabebwa kwa machela hadi lami. Ndizi zinachubuka njiani, na mnunuzi anakata bei.

Ombi letu: Halmashauri iwatoze wauza viwanja mchango wa barabara kabla hawajauza hata kimoja. Uzito na saa za malori ziwekewe utaratibu, ili angalau watoto wasipishane nayo wakienda na kurudi shuleni.

5. Mashamba kuuzwa kimyakimya. Hili linatuhusu sisi wenyewe, nasi hatulifichi. Wapo wanaume waliouza kihamba wakiwa wamekaa na dalali kilabuni, na mke akapata habari siku mkanda wa kupimia ulipotandazwa kati ya migomba yake. Wapo vijana waliouza urithi, wakanunua pikipiki, na leo pikipiki haipo wala shamba halipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, lakini mihuri inagongwa pasipo mtu kumuuliza mama.

Ombi letu: Mauziano yoyote ya ardhi ya kijiji yatangazwe ubaoni kwa siku 30, na mke na watoto waliofikia umri wasikilizwe mbele ya Halmashauri ya Kijiji. Tunaomba pia msaada wa kupimiwa na kupewa hati miliki za kimila zenye majina ya mume na mke.

6. Malalamiko kukosa majibu. Haya yote tumekwisha kuyaandika. Barua zetu zimepokelewa, zimegongwa muhuri, nasi tumeambiwa turudi wiki ijayo. Nauli ya kwenda na kurudi ni bei ya mkungu wa ndizi.

Ombi letu: Ofisa ardhi apangiwe siku moja kila mwezi ya kusikiliza kero hapa kijijini, na kila barua ijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, habari ya ardhi katika Umeru si ngeni. Mwaka 1951 wazee wetu walipohamishwa kwa nguvu kule Engare Nanyuki ili kupisha walowezi, walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kupeleka kilio chao. Walikwenda mbali kwa sababu serikali iliyokuwapo haikuwa yao. Serikali ya leo ni yetu, na ndiyo maana sisi tumetembea hadi uwanja wa shule tu.

Hatuombi mji usikue. Tunaomba ukue ukijua maji yake yanatoka wapi. Baada ya hotuba yako, vijana wetu wako tayari kukuongoza hadi kwenye chemchemi tuliyoitaja. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, na karo utaliona kabla hujayaona maji.

Mheshimiwa, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wananchi wako.