Manung'uniko Si Ombi

Wako wasemao kwamba kuiandikia serikali ni kupoteza wino. Hao hao hushinda barazani wakilaani mifereji mikavu na taka zisizozolewa. Nani aliyapokea malalamiko yao, na tarehe gani? Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 88, humpa raia haki ya kuipelekea serikali ya kaunti ombi juu ya jambo lolote lililo chini yake, mradi liwe la maandishi. Kifungu cha 89 huilazimisha kujibu upesi. Manung'uniko hayajibiwi kwa sheria yoyote. Basi andikeni: utajwe mtaa, kasoro, na jambo mtakalo, kisha wakazi watie sahihi. Nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa ibaki kwenu, maana makarani ni wepesi wa kusahau.