Bibi yangu alikuwa mwalimu
Mwandishi, katika makala yako kuhusu jinsi mtoto anavyojifunza, yule mwanasaikolojia Vygotsky umempitia juu juu, na ndiye anayetugusa sisi wa Ufipa. Alisema (alifariki 1934, lakini utadhani aliwahi kupita Sumbawanga) kwamba lipo jambo mtoto haliwezi peke yake ila analiweza akishikwa mkono na anayejua. Ndivyo bibi alivyonifundisha intumba, yale matuta ya mviringo: mvua zikielekea kuisha unakusanya nyasi, unazifukia kwa udongo, juu unapanda maharage, msimu unaofuata unayasambaza matuta hayo, unapanda ulezi. Hakuhutubia. Mwaka wa kwanza nilikusanya nyasi tu, wa pili akanipa jembe, wa tatu yeye kakaa kivulini ananikosoa. Sasa wewe mchangiaji wa hapo juu unayesema watoto wa vijijini ni wazito: mimi darasa la kwanza niliingia na Kifipa kitupu, mwalimu anaongea Kiswahili, nikanyamaza karibu mwaka mzima, nikaitwa mzito. Jioni shambani nahesabu matuta ya bibi bila kukosea! Mwandishi, makala ijayo tuandikie kuhusu lugha anayokuja nayo mtoto shuleni.