Kumwagia Paka Maji ya Moto ni Aibu

Kuna tabia iliyozagaa katika miji ya pwani, nayo inaudhi kupita kiasi. Paka hufuata harufu ya samaki mpaka jikoni, na mwenye nyumba, badala ya kumfukuza kwa "shii!" moja tu, huchota maji yanayochemka na kummwagia mgongoni. Mnyama hutoka mbio akilia. Baada ya siku chache ngozi inambabuka, nzi wanamwandama kila apitapo. Watoto wakiona hucheka, kisha nao huokota mawe. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto aliyezoezwa kucheka kiumbe kikiungua, atamhurumia nani ukubwani?

Wanaofanya hivi si watu wasiojua dini. Ni watu wa swala tano, na wengine wa ibada ya kila Jumapili. Aliyepita chuoni amesimuliwa habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote, lakabu yake ilitokana na kipaka chake. Wakristo nao wanakijua kisa alichosimulia nabii Nathani mbele ya Mfalme Daudi, cha maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, akila naye na kumlaza kifuani, akampenda kama binti yake. Basi asitokee mtu akasema kwamba kumpenda mnyama ni mambo ya Kizungu.

Ajabu ni kwamba hao hao wanaomwagia paka maji ya moto ndio wanaopanga foleni kliniki kupimwa presha, kumbe mnyama wanayemfukuza angeweza kusaidia kuituliza.

Huko Marekani, mtafiti Karen Allen wa Chuo Kikuu cha Buffalo aliwachukua madalali wa hisa 48 wenye presha ya juu, watu ambao kazi yao ni mashaka mtupu. Wote walipewa dawa moja, na nusu yao wakatakiwa pia kufuga paka au mbwa nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Dawa ilishusha presha ya wote walipokuwa wametulia. Lakini walipotiwa katika kazi ya kuwahangaisha akili, presha ya waliokuwa na mnyama ilipanda kidogo tu, na ya wenzao ikaruka juu. Kabla ya hapo, mwaka 1980, Erika Friedmann na wenzake walitoa habari za wagonjwa 92 wa moyo waliofuatiliwa kwa mwaka mzima baada ya kutoka hospitali. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani walifariki 3. Kati ya 39 wasiokuwa nao walifariki 11. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana kwa kila jambo, na hakuna daktari anayesema paka achukue nafasi ya vidonge. Hata hivyo, aliyemzoea mnyama hashangai. Mwenye mbwa hulazimika kutembea kila siku, apende asipende. Wajapani nao walionyesha mwaka 2015 kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana, wote wawili hupandwa na oksitosini, homoni ile ile inayomjaa mama anyonyeshapo.

Na hapa haiwezekani kupita bila kuwasema vijana. Yuko bibi amekaa barazani anachambua mchele, paka amejikunja ubavuni pake, na kila baada ya muda mkono wa bibi unashuka kumpapasa shingoni. Anazungumza naye: anamuuliza kama ana njaa, anamkaripia kwa uvivu. Mwanawe yuko Nairobi au Dubai. Pesa zinaingia kwenye simu kila mwisho wa mwezi, sauti yake haiingii. Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi! Paka yule ndiye anayempa bibi sababu ya kuamka asubuhi na kuwasha moto, kwa kuwa yuko anayemtegemea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mjukuu akija likizo na kumtimua paka huyo kwa fimbo, anamtimua mwenzi wa bibi.

Watu wa pwani wanasifika kwa ukarimu, na sifa hiyo ni yao kwa haki. Lamu, punda wagonjwa wamekuwa wakitibiwa bure katika kituo chao tangu mwaka 1987, na wenye punda huwaleta wenyewe. Huruma basi ipo, imekosa kuenea.

Mbwa ndiye anayedhulumiwa kuliko wote. Hufungwa mnyororo mchana kutwa, akarushiwa mifupa, usiku akatarajiwa kulinda mali ya watu, na bwana wake haoni haja ya kumchanja. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukatika. Kinga ni bora kuliko tiba. Mwenye mbwa na ampeleke achanjwe. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kudungwa sindano, si kwa mganga, wala asingojewe mpaka aanze kuogopa maji, maana dalili zikishatokea madaktari hawana dawa.