Kolani Ikipasuka, Msilaumu Makalio ya Dada Zetu



Jumamosi asubuhi simameni kando ya barabara yoyote hapa Goma ambako vijana hukimbia. Wavulana wanapita kifua mbele. Wasichana wanapita wamefunga sweta kiunoni. Jua limeshatoka, jasho linatiririka, na sweta haitoki. Msidhani ni mtindo. Chini ya ile sweta kuna kolani iliyoachia mshono katikati ya miguu, au nyepesi kiasi kwamba msichana akiinama nguo ya ndani inaonekana, au inayoteremka kila baada ya hatua kumi. Msichana anakimbia kwa mkono mmoja. Wa pili kazi yake ni kuvuta nguo.

Akiipeleka kwa fundi anaambiwa nini? Kwamba ana makalio mengi. Nimeyasikia maneno hayo mbele ya wateja wengine, na watu wakacheka. Dada akachukua kolani yake akaondoka, na ile timu ya mpira aliyokuwa anaifanyia mazoezi sijui kama alirudi.

Mimi nasema fundi huyo hajui kazi, na aliyemfundisha ana kosa kubwa kuliko yeye. Hakuna mwili usiofaa kuvaa kolani. Kuna patroni mbaya tu (patroni ya karatasi, siyo patroni wa ofisini, ingawa na huyo tungekuwa na ya kusema).

Nilitembelea kituo kimoja, sitakitaja, kinachofundisha ushonaji kwa wasichana waliokimbia vita huko Masisi na Rutshuru. Kazi nzuri, wasichana wana bidii. Kwa miezi wanashona sare za shule, magauni ya vikwembe na mifuko. Nikauliza kama wameshashona kolani hata moja. Mwalimu akanijibu kwamba kitambaa cha kuvuta hakikubali mashini zao, kinataka mashini ya kiwanda. Nikatazama darasa. Karibu kila msichana aliyeketi pale alikuwa na kolani chini ya kikwembe! Nguo wanayoivaa wote ndiyo hawafundishwi kushona. Wakimaliza wanapewa cheti na mashini, kisha wanatoka kushindana na mafundi mia wa sare katika mji ambao wazazi wengi hawana pesa ya sare.

Na msiniambie kolani ni mambo ya wenye kwenda jim. Waulizeni wamama waliolala kwenye mahema juu ya mawe ya volkano, mita 1,500 juu ya bahari, usiku wa mvua. Kolani ndiyo blanketi ya miguu. Ndiyo nguo ya kwenda kutafuta kuni na kubeba bidoni. Na aliyewahi kuamshwa na risasi usiku anajua kwamba kikwembe hakikimbii, kinafunguka njiani. Kwa mama huyo mshono unaoachia si aibu ya uwanjani tu.

Sasa turudi kwa ule uongo wa mashini. Kitambaa cha kuvuta si siri ya wazungu wa leo. Uzi wa elastane uliomo ndani yake ulitengenezwa na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Marekani mwaka 1958, Kongo haijapata hata uhuru. Na mashini ile nyeusi ya kukanyaga kwa mguu inaushona, mradi fundi abadilishe vitu vichache.

Kwanza sindano. Ya kawaida ina ncha kali, inakata nyuzi, ndiyo maana mnaona vitundu kando ya mshono na vinaruka vishono. Ya kitambaa cha kuvuta ina ncha ya mviringo, inapita kati ya nyuzi, na inaingia kwenye mashini ileile. Pili uzi: uwe wa poliesta, kwa sababu wa pamba ukivutwa unakatika. Mvuto wa uzi wa juu ulegezwe kidogo, vishono viwe vifupi, milimita 2 hadi 2 na nusu, na mkono mmoja uvute kitambaa nyuma ya mguu wa mashini, mwingine mbele, kwa upole, kikiwa kinapita. Mshono huo ukirudiwa mara ya pili kando yake utanyooka pamoja na nguo. Wenye mashini ya zigzagi watumie zigzagi nyembamba, ni rahisi zaidi. Na mama asiye na mashini kabisa ana mkono: mshono wa kurudi nyuma, kishono kimoja mbele nusu nyuma, unavutika vizuri kuliko mshono ulionyooka wa mashini mbovu. Nimeona kolani ya mkono ikivaliwa mwaka mzima.

Lakini hata mshono uwe mzuri namna gani, kipimo kikikosewa ni bure. Hapa ndipo mafundi wetu wanapotuangusha. Wanakata kolani kama suruali ya tergali, wanaongeza nafasi ya kupumua. Kolani inakatwa ndogo kuliko mwili! Pima kitambaa kabla ya kukikata: shika sentimita 10 kwa upande unaovutika zaidi, uvute. Kikifika 15 bila kulia, na ukikiachia kikarudi 10, hicho ni kitambaa. Kikibaki 12 kirudishe dukani, magoti yatatokeza kabla wiki haijaisha. Tuseme nyonga za dada ni 104. Kwa kitambaa kinachofika 15 unapunguza sehemu moja ya kumi, inabaki kama 94, yaani 47 kila mguu, kisha unaongeza sentimita 1 ya mshono kila upande. Kikifika 13 tu, usipunguze zaidi ya sentimita 5 kwa mia, kata 99. Na upande unaovutika zaidi ndio uuzunguke mwili. Fundi akiugeuza, dada hatachuchumaa bila kusikia kitu kikipasuka.

Katikati ya miguu ndipo pana vita kubwa. Mafundi wengi wanakata mbele na nyuma sawasawa, mwili kama ubao. Mwili si ubao. Mtu akiinama, nyuma inarefuka. Kama kitambaa hakipo kitatoka wapi? Kitashuka kutoka kiunoni. Ndiyo sababu ya ile kolani inayoteremka: wala lastiki haina kosa, ni nyuma iliyokatwa fupi. Nyuma ipite mbele kwa sentimita 6 au 8, na kwa dada yule aliyechekwa, zaidi ya hapo. Pitisha utepe wa kupimia kutoka kiuno cha mbele, katikati ya miguu, mpaka kiuno cha nyuma, ndipo utajua. Ukiona mikunjo inayotoka katikati ya miguu kama miale ya jua, ule mviringo wa mkato ni mfupi, uongeze. Na pale mishono minne inapokutana, pale panapopasuka kila siku, usiiache ikutane. Tia kipande kidogo cha pembe nne, kirefu kama kiganja. Kinachukua nguvu ya mguu unapofunguka. Kipande hicho kinatoka kwenye mabaki, hakigharimu hata franka.

Mengine nayataja haraka. Mikunjo nyuma ya goti: mguu ni mrefu mno au shavu la mguu limebanwa. Kiuno kinachojikunja: mkanda ni mwembamba. Ufanye wa kitambaa mara mbili, upana sentimita 10 ukiwa umekunjwa, urefu pungufu kwa sehemu moja ya kumi ya kiuno. Kiuno kinachoacha pengo nyuma: punguza kwenye mshono wa nyuma katikati, usikaze lastiki mpaka mama ashindwe kula. Na kabla ya kununua kitambaa, kivute juu ya gazeti. Ukisoma habari, watu nao watakusoma.

Kuna wanaosema: mitumba imejaa Birere na soko la Virunga, ya nini kushona? Najibu kwamba mitumba ni rafiki, lakini mjue kuitumia. Kolani ya mtumba imekatwa kwa mwili wa mtu mwingine, na mara nyingi elastane yake imeshachoka. Chukueni basi kubwa kabisa, ile ya XXL isiyo na mteja, ipimeni kwa ule mvuto wa sentimita 10, na kama bado ina nguvu ifumueni mkate upya. Na tafadhali, wamama, msiifue kwa javel. Javel inaua elastane, na pasi ya moto pia.

Wengine watakuja na dini, kwamba tunawafundisha wasichana kuvaa vibaya. Nawauliza: kati ya kolani nzito iliyokaa vizuri na kolani iliyopasuka katikati, ipi inamsitiri binti yenu? Hiyo ya kwanza ndiyo ninayoitetea. Hamkosi kuiona ya pili, maana mnaitazama sana.

Kwa hiyo wakubwa wa kile kituo, na wenzenu mnaogawa mashini mbele ya kamera: mita 1 na robo ya kitambaa cha upana wa 150 inatosha kolani moja ya mtu mzima. Nunueni hiyo kwa kila mwanafunzi, na pakiti moja ya sindano za ncha ya mviringo kwa darasa zima. Mwalimu asiyejua ajifunze pamoja nao, hakuna aibu. Na ninyi wasichana mlioko kwenye likelemba, zamu moja tu mkiitoa kwa roli la kitambaa, msiwangoje hao.

Darasa jipya la kituo kile linafunguliwa baada ya likizo. Nitakwenda tena, na nitaomba kuona patroni ya kolani ukutani. Nitawaandikia kama ipo.