Kutafuta Chanzo cha Kosa: Funzo Kutoka Chini ya Gari

Imekuwa desturi katika vyuo vyetu kuwafundisha wanachuo namna ya kuandika azimio la kazi, kuandaa somo na kutengeneza zana. Hayo yote ni ya lazima. Lakini ni mara chache tunapowafundisha la kufanya pale somo lililoandaliwa vizuri linapompita mtoto kando. Kwa hiyo mwalimu mpya, akiona nusu ya darasa wamekosa, hurudia somo lile lile kwa sauti ya juu zaidi, hutoa mazoezi kumi zaidi ya aina ile ile, na mwisho huandika katika daftari la mtoto neno «mvivu». Kwa maoni yetu, kasoro hii ya mafunzo yetu ni kubwa, na tunaomba ruhusa kuieleza kwa kisa kilichotupata sisi wenyewe, mbali na ubao na chaki.

Mwenzetu mmoja alikuwa na Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Nyuma ya boksi kubwa la gia, gari hilo lina boksi dogo ambalo hugawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya nyuma na ya mbele, na humpa dereva gia nzito za kupandia milima na kutokea matopeni. Tuliamua kulifungua boksi hilo dogo uani kwake wakati wa likizo, tukabadilisha beringi na sili za mafuta, tukalifunga tena. Tulijisifu sana. Baada ya wiki mbili, gari likiwa limeegeshwa penye mteremko, lilianza kurudi nyuma taratibu kuelekea mahali watoto walipokuwa wakicheza. Jiwe lililokuwa nyuma ya gurudumu ndilo lililotuokoa.

Tulisema kwamba breki ya mkono imelegea, tukaikaza. Haikushika. Katika gari la aina hiyo ngoma ya breki ya mkono haiko gurudumuni, iko mgongoni mwa boksi dogo. Tulipoifungua tuliikuta imelowa mafuta ya gia. Tukasema: basi, sili ya nyuma ni mbovu. Tukanunua nyingine, tukaipachika, tukasafisha ngoma na kuweka lainingi mpya. Siku chache baadaye mafuta yakarudi. Tukabadilisha sili hiyo mara ya pili, na mafuta yakarudi tena.

Hapo ndipo tulipoacha spana na kuanza kufikiri. Tulipima mafuta ya maboksi yote mawili, jambo ambalo lilitupasa kulifanya tangu siku ya kwanza, maana halihitaji kufungua chochote ila vizibo. Boksi kubwa lilikuwa limepungukiwa. Boksi dogo lilikuwa limejaa kupita kipimo chake. Tuliyarudisha yote mawili kwenye kipimo, tukaliendesha gari, tukapima tena. Kubwa likapungua, dogo likazidi. Mafuta yalikuwa yakivuka kutoka boksi moja hadi jingine kupitia sili iliyo kati yao, na yale ya ziada yakitafuta njia ya kutokea nyuma. Sili ya nyuma, tuliyoihukumu mara mbili, haikuwa na hatia.

Je, ni nani aliyeiharibu sili ya kati? Ni sisi. Tulipokuwa tukiliunga boksi tuliisukuma sili ile mpya juu ya meno ya shafti bila kuyafunika kwa karatasi laini, na meno yakaukwaruza mdomo wake wa mpira. Ilitubidi kulishusha boksi upya, kwa jeki na magogo, na kuirudia kazi kwa uangalifu.

Sasa tuingie darasani. Mtoto wa darasa la tatu hamalizi zoezi lake la hesabu, anachungulia dirishani. Mwalimu asemaye «mvivu» amekaza breki tu. Mwalimu mwingine atatazama daftari na kuona kwamba 52 kutoa 27 mtoto amepata 35, naye atamwongezea hesabu kumi za kutoa. Huyo amebadilisha sili ya nyuma. Mwalimu anayepima kwanza atampa hesabu mbili tu: 58 kutoa 27, na 52 kutoa 27. Mtoto akipata ya kwanza na kukosa ya pili, tumejua kwamba kutoa anakujua. Kinachomshinda ni kukopa kutoka makumi. Kisha mwalimu atamwambia: «Hebu nieleze ulivyofanya.» Naye mtoto atajibu bila hila: «Mbili na saba, saba ni kubwa, nikatoa mbili kwenye saba, nikapata tano.»

Aliyasikia wapi hayo? Aliyasikia kwetu. Tulipomfundisha katika darasa la kwanza tulimwambia kwamba siku zote namba ndogo hutolewa katika kubwa. Kanuni ile ilitufaa siku ile, lakini tuliipachika bila kuangalia mbele, nayo ikakwaruza kitu. Mtoto hakuwa mvivu wala mzito wa akili. Alikuwa mtiifu kwa kosa letu, na kwa utiifu huo huenda akachapwa au akarudishwa darasa.

Hatua hizi si ngeni. Mwaka 1910 mwanafalsafa wa Marekani, John Dewey, alieleza katika kitabu chake How We Think kwamba fikra hupita hatua tano: kuhisi tatizo, kulibainisha, kudhania utatuzi, kupima kwa hoja matokeo ya dhana hiyo, na kuihakikisha kwa majaribio. Sisi kwenye gari tuliruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu. Walimu wengi huruka vivyo hivyo kila siku.

Tunajua kwamba wanachuo watatuuliza: mwenye watoto 80 darasani atampima nani na kumwacha nani? Swali hili ni la haki. Lakini makosa ya watoto 80 si ya aina 80. Mwalimu akipanga madaftari kwa mafungu, si kwa alama bali kwa aina ya kosa, mara nyingi atapata mafungu machache tu. Fungu moja ni la wasiojua kukopa. Jingine ni la wale waandikao mia tatu na tano kama 3005, kwa kuwa wanaandika kama wanavyosikia. Jingine ni la wasioona ubao vizuri, ambao dawa yao ni kuketishwa mbele na kupimwa macho. Kufundisha fungu moja kwa dakika kumi ni kazi ndogo kuliko kurudia somo zima kwa wote.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika mazoezi ya kufundisha kila mwanachuo awe na daftari la makosa, na ndani yake aandike mambo manne: alichokiona, alichokidhania, alichokipima, na alichokigundua. Abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hatajua lipi lililoponya. Aanze kupima yale yasiyohitaji kufungua kitu. Na katika orodha ya yale yanayoshukiwa, la kwanza liwe kazi ya mikono yake mwenyewe.

Gari likikosewa hurudishwa juu ya magogo na kufunguliwa upya. Mtoto aliyekwisha kuamini kwamba yeye ni mjinga si rahisi kumfungua.